Samaki wa Buluu wa Baba Mkwe

Mwanangu, ipo siku moja ambayo naweza kukusimulia huku nimefumba macho. Ni siku baba mkwe wangu, Mzee Anaeli, aliporudi kutoka msibani Tanga, akapanda njia yote ya kuja kwetu Nkoaranga amekumbatia mfuko wa nailoni chini ya koti. Ndani ya mfuko mlikuwa na maji ya bahari na samaki mmoja wa buluu, bapa kama sahani, mkia wa njano. Mzee alikuwa hajatia kitu kinywani tangu asubuhi kwa kuogopa kuuweka mfuko chini. "Nimewaletea mgeni," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu niolewe pale.

Nikueleze kwanza tulikuwa nani, usije ukadhani nakutungia. Mimi na mume wangu Elirehema tulikutana Dar es Salaam, kwenye banda la mtu aliyesafirisha samaki wa mapambo nje ya nchi. Kazi yetu ilikuwa kuwatunza kabla ya safari. Tulipooana tukapata wazo la kuwafuga huku huku Meru, wazaliane, tuziuzie hoteli za Arusha mjini, maana wakati ule kila hoteli ilitaka tangi la kioo mapokezi. Ukoo ulicheka mpaka ukachoka. Baba mdogo mmoja aliuliza, "Samaki asiyeliwa ni samaki wa nini?" Walitaka tulime nyanya kama watu wengine. Mzee Anaeli peke yake ndiye aliyesimama kwenye kikao. Akatupa stoo yake ya kahawa tuweke matangi, kisha akawaambia ndugu zake, "Wakishindwa, msiwacheke wao. Nichekeni mimi." Kwa mzee wa kanisa, tena wa umri ule, hilo halikuwa neno dogo.

Na tulikuwa hatujashindwa. Maji ya huku kwetu unayajua, ndiyo hayo ya madini yaliyotupaka meno rangi, kwa hiyo hatukuyagusa. Tulikinga ya mvua tukayachanganya na chumvi maalumu. Tangi kubwa lilikuwa na mawe, konokono, kamba wadogo, na samaki wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Jozi moja ilikuwa imeanza kutaga, na hoteli moja mjini ilikuwa inasubiri watoto wake. Kila Jumapili baada ya ibada mzee alikuja na wenzake kuwaonyesha. Alisimama mbele ya kioo na kofia mkononi, akieleza mambo ambayo nusu yake hakuyajua, nasi tulimwacha aeleze.

Sasa, katika kazi ile kuna sheria ambayo aliyeajiriwa jana anaijua leo: samaki mgeni haingii moja kwa moja kwa wenyeji. Anawekwa kwenye beseni lake mwezi na zaidi, unamchunguza, kwa sababu anaweza kuja na wadudu usiowaona. Nilimpokea mzee, nikamwamkia, kisha nikasema kwa sauti ndogo, "Baba, huyu tumpumzishe pembeni kwanza."

Mzee alinitazama, akacheka kwa upole. "Amekosa nini hata afungwe? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mweke na wenzake, mama, nimwone akitembea."

Nilimwangalia Elirehema. Alijua kama nilivyojua mimi. Akachukua mkasi, akakata mfuko.

Methali ile ni nzuri, mwanangu, nimeitumia mwenyewe kwa wageni wengi waliokula loshoro yangu ya mahindi na maziwa. Lakini aliyeitunga hakuwa mfuga samaki.

Haukupita muda mrefu, yule wa buluu akaanza kujikuna kwenye mawe. Kisha zikatokea chembe nyeupe kwenye mapezi yake, utadhani kanyunyiziwa chumvi ya mezani. Huyo ni mdudu. Anaingia chini ya ngozi ya samaki, anamla, akishiba anadondoka mchangani na kujifungia humo. Huko anajigawa, na siku akifungua wanatoka mamia kutafuta samaki wengine. Dawa yake ni shaba iliyoyeyushwa, na shaba haimpati akiwa ndani ya ngozi wala akiwa amejifungia. Inampata akiwa anaogelea tu, kwa hiyo unatibu kwa muda mrefu bila kukatiza. Tena huwezi kuitia kwenye tangi kubwa, maana inaua konokono na kamba. Hapo unawatoa samaki wote, unawatibia kwenye mabeseni, na tangi unaliacha bila samaki wiki nyingi mpaka wadudu waliobaki wafe kwa njaa.

Tangi bila samaki. Hapo ndipo tulipokwama.

"Tuwatoe leo," nilimwambia Elirehema.

"Na Jumapili? Baba anakuja na mchungaji. Amwonyeshe mawe?"

"Tumweleze."

"Tumweleze nini, Aneth? Kwamba zawadi yake imetuletea ugonjwa? Baada ya alivyotutetea? Kuna maneno mtoto hamwambii baba yake."

Nilikuwa mkwe, na kwa kweli moyoni nilifarijika kwamba aliyekataa ni yeye.

Basi tukaanza kuhangaika na vidawa vya kujidanganya. Tuliwatilia kitunguu saumu kwenye chakula. Tulibadilisha maji kila mara mpaka pipa la mvua likakaribia kukauka. Jumapili ilipofika chembe zilikuwa zinaonekana hata kutoka mlangoni, hivyo Elirehema akazima taa ya tangi na kufunga madirisha. "Umeme umekatika, baba," alisema. Mzee alisimama gizani na mchungaji wake, wakitazama vivuli vikipita. Pembeni pampu ilikuwa inabubujisha mapovu kama kawaida, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha mzee akamchukua mgeni wake wakaenda kunywa chai nyumbani.

Siku chache baadaye chembe zikapotea zote. Elirehema alipiga magoti pale pale kwenye sakafu yenye maji. "Umeona? Mungu ametusitiri." Nikamwambia, mume wangu, chembe zikipotea maana yake mdudu ameshiba, ameshuka mchangani. Huo ndio wakati wa kuwatoa. Akaniambia nisimletee mkosi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walishasema, lakini nani hukumbuka wahenga akiwa anafurahi?

Wadudu waliporudi hawakurudi kwa samaki mmoja. Kila samaki alifunikwa. Wakawa wanatweta karibu na mapovu, ngozi zimefanya ukungu, chakula kinapita mbele ya midomo yao hawakigusi. Ndipo tulipokimbizana na mabeseni na shaba, na wengine walitufia mikononi kabla hawajafika kwenye dawa. Kilichoniumiza zaidi ni ile jozi iliyotaga. Kwa samaki wale dume ndiye mlezi, ndiye anayeyapepea mayai yapate hewa. Jike alikuwa amekwisha kufa, na dume akaendelea kupepea kwa mapezi yaliyooza, mpaka akalala ubavu juu ya mayai yake. Nililia, mwanangu. Watu huniambia, alikuwa samaki tu. Mimi nilimwona.

Mzee Anaeli alikuja katikati ya wiki bila kuitwa. Alinikuta natoa maiti kwa kichujio cha chai. Yule wa buluu alikuwa miongoni mwao, na rangi yake ilikuwa imekwisha. Mzee akavuta gunia, akaketi.

"Walianza kuumwa lini?"

"Baba, baridi ya mwezi huu," Elirehema akaanza.

"Umeme gani ule, mwanangu, unaozima taa ukaacha pampu?"

Hapo nikaona kwamba mzee alijua tangu siku ile gizani. Alikuwa akitusubiri tumwambie. Nikamweleza yote, tangu mkasi hadi kitunguu saumu. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Basi ni mimi," alisema.

"Hapana, baba, usiseme hivyo."

"Nyamaza, mama. Hukuniambia wakati kusema kulikuwa dawa. Usiniambie sasa ili kunifariji." Akamgeukia mwanawe. "Ulidhani unaniheshimu. Ulinifanya maiti. Maiti ndiye asiyeambiwa kitu. Anavishwa suti, anasifiwa, watu wanapita wakimtazama. Mimi ni mzima. Ungeniambia, ningesimama na mchungaji mbele ya mawe matupu nikamwambia samaki wetu wanatibiwa. Aibu iko wapi? Hospitali yetu hapo chini inajaa kila siku, na hakuna anayeicheka."

Mimi pia hakunisahau. "Wewe ulisema mara moja. Mzee aliyeshikwa na furaha haambiwi mara moja, mama. Anaambiwa mpaka akasirike."

Nilidhani yameishia pale. Lakini ukoo ulipata habari, na kikao kikaitishwa. Walikuja na kicheko chao kimeshaiva. Mzee Anaeli alisimama kabla hajaulizwa mtu, akasema, "Samaki wamekwisha. Niliyewaua ni mimi. Nilileta mgeni mgonjwa, nikawalazimisha watoto wampokee, na wao walinionya." Hakutaja taa. Hakutaja kitunguu saumu wala zile siku tulizomficha. Nilimtazama mume wangu, nikimwomba kwa macho ainuke aseme lililobaki. Hakuinuka. Nami, mwanamke wa kuolewa katikati ya wazee wale, sikuthubutu kuinuka badala yake.

Tangu hapo mzee aliitwa Baba Samaki. Penye kuchinjwa ng'ombe wa harusi, kwenye foleni ya kuuza kahawa, hata kwa watoto waliokuwa hawajui jina limetoka wapi. Aliitika. Stoo hakuiingia tena, na kiti chake kwenye vikao vya ukoo kikawa kiti cha mtu wa kusikiliza, yeye ambaye zamani akikohoa tu watu walinyamaza. Elirehema aliona yote hayo. Kila mwaka alisema atalisema lile lililobaki, na kila mwaka aliona siyo wakati wake.

Mzee alifariki wakati wa masika. Tulimzika pembeni mwa migomba yake. Mume wangu alipopewa nafasi ya kutoa neno la familia, akaweka karatasi mfukoni, akasema, "Baba hakuwaua wale samaki. Tuliwaua sisi, kwa kumficha." Watu wakatazamana, kisha baba mdogo mmoja akamshika bega akamwambia pole, majonzi hayo, na kwaya ikaanzisha wimbo. Mpaka leo hakuna aliyemwamini. Wanasema Elirehema alivurugwa na msiba.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Ukifuga kiumbe chochote, mgeni wake mweke kando, hata akiletwa na askofu. Ugonjwa ukiingia, utibu mpaka mwisho wake, usiuache dalili inapopotea, maana dalili ikipotea mara nyingi ugonjwa umekwenda kuzaa. Na tangi tupu lisikutie aibu, ni kitanda cha hospitali kama vingine.

Lakini zaidi ya samaki, nakuomba juu yetu sisi wazee. Mmefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni kweli. Ila mkuu asiyeambiwa huvunjika guu vilevile, naye mifupa yake haiungi upesi. Ukiona nakosea, niamkie kwanza, nipe kiti, kisha niambie. Nikicheka, rudia. Nikikasirika, jua umefika, nami kesho yake nitakushukuru hata kama sitasema. Usiningojee nikiwa nimelazwa ndani ya sanduku ndipo upate ujasiri. Pale nitasifiwa na wote, na ukweli wako watauita majonzi.

Mungu wa baba zako akupe macho ya kuiona chembe ikiwa bado moja, na ulimi wa kuitaja mbele ya unayemheshimu. Na yule utakayemwambia, Mungu ampe maisha ya kutosha kukusikia.