Nilivyowanywesha kuku dawa ya josho ili nimwogeshe binti yangu

Wakuu, habari za humu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, chumvi nimetia kwenye mapambo tu.

Enzi za vijiji vya ujamaa, huko tambarare ya Ndungu, niliamini kabisa kwamba ukioga maji ya josho la ng'ombe, mbu akikuuma anakufa mbu. Malaria, surua, kikohozi, vyote vinakukimbia!

Alinieleza mkata mkonge mmoja. "Ng'ombe akitoka josho kupe anabaki? Sasa wewe uugue kwa nini?"

Nikasadiki kuliko mchungaji.

Na mwangalizi wa josho la kijiji ni mimi, dawa iko mkononi. Nyumbani kuna kichanga, Nakijwa, binti yetu wa kwanza. Nikatangaza Jumamosi namwogesha.

Mama yake akasimama mlangoni na mwiko. "Mwanangu si ndama. Lete ushahidi kwanza."

Ushahidi! Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni ya watu wazima, najua karibu sayansi yote iliyokuwepo Tanzania. Mwalimu alitufundisha: ukitaka kuijua dawa, linganisha.

Nikachukua kuku wa mke wangu kumi na wawili, wote wamechanjwa mdondo, ule ugonjwa unaofyeka kuku, na bwana mifugo. Sita nikawatilia dawa ya josho kidogo kwenye maji ya kunywa. Sita maji matupu ya mfereji.

Jogoo wake, yule akiwika Ndungu wanaamka Kileo, nikamweka kundi la josho. Awe shujaa.

Wiki ya tatu mdondo ukaingia kijijini.

Wa mfereji walipiga chafya siku mbili, wakarudi kuchakura. Wa josho wakafa watano, jogoo akitangulia.

(Yule wa sita mke wangu hakuniruhusu hata kumtazama.)

Nikabeba mizoga kwenye kikapu hadi kwa bwana mifugo, bado nabishana: "Labda dozi ilikuwa ndogo?"

Funzo nililopata: ukiambiwa ulete ushahidi, shukuru. Nakijwa leo ana wajukuu. Nanyi mliowahi kuamini dawa za ajabu, semeni hapo chini, nisichekwe peke yangu. Ila kwanza someni alivyonijibu bwana mifugo, wala hakupandisha sauti:

"Ndugu, hiyo ni sumu ya kupe, haikingi ugonjwa. Mwili una askari wake wa kupigana na maradhi, chanjo inawaandaa. Ukiunywesha sumu unawadhoofisha. Kuku kumi na wawili ni wachache kuthibitisha, lakini wanatosha kukukataza. Mtoto mwogeshe kwa maji."