Meli Mbili Katika Daftari la Vipimo

Siku ile bado naikumbuka mpaka harufu yake, Salha mwanangu. Harufu ya mafuta ya cherehani na jora jipya la bafta, pale barazani kwa Bwana Rajabali, Lindi mjini, nilipokuwa fundi nguo na ujana umenijaa mpaka kwenye nyusi. Mapajani nina daftari la vipimo. Ukurasa wa mwisho wa daftari hilo nilikuwa nimeandika meli mbili, urefu kwa upana, kana kwamba ni wateja wamekuja kushonesha. Usicheke. Au cheka tu, ukimaliza unisikilize, maana hapa nazijibu zile picha zako.

Ndiyo, nimeziona. Siku ya nne sasa ziko kwenye simu, na najua umeona kwamba nimeziona. Meli tatu za kitalii, kila moja kubwa kuliko mtaa wetu wa Rasbura, na jedwali ulilochora mwenyewe: bwawa la kuogelea, chakula halali, daktari, mtandao, chumba chenye dirisha. Tiki za kijani huku, alama nyekundu za kosa kule. Halafu jana ukapiga kutoka Dar, umeunganisha salamu na amri: "Shikamoo mama, chagua basi, nafasi zinaisha!" Marahaba. Nitachagua. Lakini kwanza nikurudishe kwa bibi yako.

Bibi yako, mama yangu mimi, alizaliwa Kilwa Kivinje akaja kuolewa Milola, huko kwenye mikorosho. Wakwe walimcheka kwa lafudhi yake ya Kilwa, naye akawacheka kwa Kimwera chao, mpaka akakisema kuliko wenyewe. Kivinje aliacha dada mmoja tu, mama mkubwa Mwanahawa. Hawakuwa na ndugu mwingine. Na walikuwa na desturi yao hao wawili: kila Idi hununuliwa doti moja ya kanga, inakatwa, kipande kimoja kinakwenda Kilwa na kimoja kinabaki Milola. Wanawake wengine hujifunga kimoja kiunoni na kingine wakajitanda. Wao kila mmoja alivaa nusu yake, akijua nusu ya pili iko mwilini mwa mwenzake. Nilipojua kushona, kazi ya kukata na kupinda nikapewa mimi.

Walikuwa hawajaonana miaka mingi. Barabara ya Kilwa ya siku zile, we acha tu. Masika gari likikwama, abiria wanateremsha masufuria wanapika palepale, na mama kiuno chake hakikuweza kutikiswa namna ile. Kwa hiyo waliishi kwa salamu za wasafiri. Mwambie sijambo. Mwambie mguu umepona. Mwambie Idi nimeivaa, imenikaa.

Sasa mimi nikiwa mjini, cherehani inanilisha, nikasema mama naye apumzike. Hajawahi kupumzika yule. Akitoka kwenye korosho anaingia kwenye muhogo, akitoka kwenye muhogo kuna mgonjwa wa mtu anamuuguza. Nitampandisha meli, tufike Dar kwa kaka yangu, akae wiki mbili ale vya kupikiwa. Nilipokwenda Milola kumwambia, alikuwa anachambua kisamvu. Hakuacha kuchambua. Akauliza jambo moja tu: "Kilwa itasimama?"

"Ah, mama! Meli gani isiyosimama Kilwa?" Nilisema hivyo kwa jeuri ya mtu wa mjini. Sikuwa najua, nilidhani najua.

Basi mama akatuma salamu kwa dada yake: njoo Masoko, bandarini Kilwa, nitakuwa melini. Maana ndivyo watu walivyokuwa wakifanya. Meli ikitia nanga Kilwa, ndugu za wasafiri wanakodi mashua, wanapanda na vyakula vyao, wanakaa na mtu wao kwenye sitaha mpaka honi ya kuondoka ilie. Muda wa saa tatu au nne hivi. Watu wameposana humo, watu wamepatana humo, na kilio cha msiba kimemalizwa humo.

Meli zilikuwa mbili. Moja mpya, nyeupe, sisi tuliiita Bibi Harusi. Nyingine kuukuu, tuliiita Mkokoteni. Mimi sikutaka kubahatisha. Kila aliyesafiri nilimkamata pale barazani nikamhoji huku nampima mabega: viti vikoje, choo kinafungwa, chai wanaitia maziwa, feni inazunguka au pambo? Nikaandika. Bibi Harusi: viti vya sponji, feni nzima, choo safi, haina mbuzi. Mkokoteni: mikeka, kelele, mbuzi, magunia ya korosho, na chini kabisa nikaandika, tena nikapigia mstari, "inasimamasimama njiani."

Mwanangu, niliiandika kama kasoro. Kwa mkono wangu huu.

Bwana Rajabali alipita na chai yake akauchungulia ukurasa ule. Alikuwa mzee wa maneno machache, duka lile aliachiwa na baba yake aliyeachiwa na baba yake, na mizigo yake yote ilikuja kwa meli tangu enzi hizo. Akaniuliza, "Mwenyewe mama amesemaje, binti?"

"Mama anajua nini habari za meli, mzee wangu?" nikamjibu.

Akanitazama, akanywa chai yake, akaingia ndani. Mpaka leo natamani angenipiga hata kofi.

Tukapanda Bibi Harusi alfajiri, na kweli ilikuwa meli. Mama alijifunga kile kipande cha kanga ya Idi iliyopita, cha rangi ya maji ya bamia na maua meusi. Miguuni ana kikapu cha korosho alizozibangua na kuzikaanga mwenyewe, amekifunika kwa kitambaa alichokidarizi. Kiti cha sponji alikikalia dakika tano akahama. Akaenda kukaa kwenye kibao, upande wa nchi kavu, akishika chuma kwa mkono mmoja. Nikamwambia, mama, njoo kwenye feni. Akasema, "Feni na uso wangu wapi na wapi? Niache nitazame."

Alasiri nchi kavu ikawa mstari tu, kisha mstari wenyewe ukafifia. Mama akamwita baharia aliyekuwa anapita. "Baba, Kilwa bado?"

Kijana wa watu akajibu kwa adabu tu, hakujua anachokisema. "Kilwa tumeshaipita, mama. Ile kule nyuma. Sisi hatusimami, tunakwenda moja kwa moja mpaka Dar es Salaam."

Nilitaka sitaha ipasuke niingie. Nikasubiri anigombeze, na laiti angenigombeza. Mama alitazama kule nyuma kitambo kirefu. Kisha akainama, akafunua kile kikapu, akaita watoto wa abiria wenzetu, akaanza kuwagawia korosho, kiganja kwa kiganja, mpaka kikapu kikawa kitupu. Kiganja cha mwisho alinipa mimi. Nilizitafuna nalia, ladha yake mpaka leo siipendi.

Tulipofika Dar tulipata habari kwa watu waliokuja nyuma yetu kwa gari kutoka Kilwa. Mama mkubwa alitoka Kivinje tangu usiku haujaisha vizuri, akafika Masoko amebeba mkate wa kumimina kwenye bakuli, amejifunga kipande chake cha doti ileile ya maji ya bamia. Alikaa pale gatini. Bibi Harusi ilipopita mbali kule aliiona, akasema, "Hiyo siyo, wangu atakuja na inayosimama." Akaendelea kukaa mpaka jua likaelekea kuzama, wachukuzi wakamwambia, bibi, leo hakuna meli nyingine. Akawakatia mkate, wakala wote, akarudi Kivinje.

Nikaapa tutarudi na Mkokoteni, mbuzi na mikeka yake yote. Nilikwenda kuuliza siku ya pili tu. Ilikuwa imepandishwa chelezoni kutengenezwa, na hakuna aliyejua itashuka lini. Tukarudi na ileile Bibi Harusi, na safari hii mama alikaa upande wa bahari, mgongo kwa nchi kavu. Sikumwambia habari za feni.

Niliporudi barazani sikumwambia mtu. Lakini Bwana Rajabali alikuwa ameshasikia, Lindi ni ndogo. Alivuta kigoda akakaa karibu na cherehani yangu, akalifungua lile daftari palepale mwisho. Akasema taratibu, wala hakupandisha sauti: "Wewe fundi mzuri, binti. Umechukua vipimo vyote. Lakini mteja akija kwako, si unamuuliza kwanza, nguo hii unakwenda nayo wapi? Harusini, shambani, msibani? Mama yako hukumuuliza anakwenda wapi."

"Nilimwambia tunakwenda Dar, mzee."

"Wewe ndiye uliyekuwa unakwenda Dar. Yeye alikuwa anakwenda Kilwa."

Nikaendesha cherehani bila uzi ili asione macho yangu.

Mama mkubwa Mwanahawa hakuifikia Idi iliyofuata. Homa tu, siku sita. Habari ilitukuta ameshazikwa, na msafiri aliyeileta alileta pia kifurushi, ndani yake kipande cha kanga cha maji ya bamia, kimefuliwa, kimekunjwa. Mama akanifuata mjini, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Akavua kipande chake, akaviweka viwili juu ya meza yangu, akaniambia, "Viunge." Nikafumua pindo zangu mwenyewe, nikavishona pamoja palepale nilipokuwa nimevikata. Alilala nayo hiyo mpaka siku zake zilipokwisha. Sasa ninayo mimi, iko kwenye sanduku la juu, na ukifungua sanduku utaona ule mshono, haukwenda sawa.

Naililia ile sitaha ya Mkokoteni ambayo sikuwahi kuikanyaga. Nimeshazeeka, nimeona mengi, lakini nikisikia honi ya meli namuona mama mkubwa gatini na bakuli lake. Ningewapa wale dada wawili hata saa moja tu, mwanangu. Wakae, wale mkate, mbuzi wawalilie kichwani.

Sasa nije kwenye meli zako. Kuzipambanisha ni vizuri, sikukatazi, na kazi umeifanya kwa akili. Ila mtu asianze na bwawa. Aanze na huyo anayesafiri: amkalishe, amuulize moyo wake uko wapi, kisha anyamaze asubiri jibu hata likichelewa. Akishalijua ndipo aziulize kampuni. Mnasimama wapi, mchana au usiku? Mnakaa saa ngapi? Kushuka ni kwa ngazi au kwa boti ndogo, na mwenye goti bovu kama langu mtamfanyaje? Na wakikwambia kila meli inasimama, usikubali, wakuonyeshe ratiba. Mengine yote, feni na sponji, yaje baadaye.

Nimelisoma jedwali lako mara tatu, kwa miwani. Lina mistari kumi na miwili. Mstari wa mama anataka nini haumo. Umenichagulia safari ya kikundi cha wazee, kuna msichana wa kutuangalia, kuna mazoezi ya viungo asubuhi, jamani! Na chini umeandika, "chumba cha vitanda viwili, mwenzako utapangiwa." Hapo ndipo niliposimama siku zote nne. Nani huyo nitakayepangiwa? Idi mbili zimepita hujaja Lindi, Salha. Sikulaumu, najua kazi zenu za huko hazina huruma. Ukipiga simu tunasalimiana, unaniuliza dawa, nakujibu dawa, imekatika. Ninapolala nazungumza na wewe mambo ambayo hujui kama nimeyasema.

Basi hukuniuliza, mimi nakujibu. Meli yoyote. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata ingekuwa na mbuzi. Nataka kitanda cha pili kiwe chako. Kama likizo haipo, zifute hizo meli zote bila kuona haya, panda basi uje, barabara siku hizi ni lami tupu. Nimeshanunua doti ya Idi hii. Bado sijaikata, mkasi nimeuweka juu yake, nangoja nijue kama kipande chako nikutumie au nikuvalishe.

Mungu akupe kazi isiyokula umri wako wote. Akupe watoto watakaokuuliza, na masikio ya kusubiri jibu. Akukutanishe na unaowapenda wakiwa wamesimama, siyo kwa kifurushi. Amina, mwanangu, na usinijibu kwa picha.