Kimya Hadi Saa Nne

Saa nne na dakika sita asubuhi ya Ijumaa, Bwana Breki alirudi ofisini kwake akiwa bado na ladha ya chai ya mkurugenzi kinywani. Akafungua kompyuta, akaona jina lake.

Lilikuwa la tatu kutoka juu, katika orodha ya maofisa wanane waandamizi wa wizara ya mambo ya nje. Juu ya orodha palikuwa na taarifa ya kurasa mbili, na kati ya taarifa na orodha maneno haya: "Tuliotajwa hapa tumeipitia taarifa hii na kuikubali bila pingamizi." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Jina halikuondoka.

"Bila pingamizi?" aliiuliza kompyuta. "Mimi?"

Jina la Breki alipewa miaka mingi nyuma, katika kikao ambacho maofisa vijana walitaka mikataba yote ya zamani na nchi jirani ifutwe kwa mkupuo mmoja. Walizungumza saa mbili. Ilipofika zamu yake alisema tu, "Gari tumelisifu rangi, tumelisifu mwendo. Sijasikia mtu akiuliza breki." Kikao kizima kiliangua kicheko, mikataba ikabaki, na jina likamganda.

Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa ofisa wa kawaida aliyetumikia wizara miaka thelathini na mmoja, akafanya kazi katika balozi tatu za ng'ambo, kisha akarudi kuongoza dawati la taarifa. Kila neno ambalo wizara iliwaambia mabalozi wa kigeni lilipita mkononi mwake. Mwezi uliopita, hatimaye, alikuwa ameteuliwa kuwa balozi. Kilichobaki ni barua moja kutiwa saini. Mkewe alikuwa ameshaacha kazi ya ualimu, na sebuleni kwao makasha yalipangwa mpaka dirishani.

Kisiasa alikuwa mhafidhina, na hakulionea haya neno hilo. Kadi ya chama tawala, chama cha wahafidhina, aliichukua akiwa na miaka ishirini na miwili. Lakini uhafidhina wake haukuwa wa kukataa kila kipya. Aliona nchi kama nyumba ya urithi: bati likivuja unaliziba, mlango ukilegea unaukaza, ila hubomoi ukuta kwa sababu umechoka kuutazama. Alitaka mfanyabiashara aachwe afanye biashara yake, na hospitali ya umma iwe na dawa. Alitaka viongozi wa dini waheshimiwe, na bunge litunge sheria. Kuhusu majirani alikuwa na msemo mmoja: "Ukigombana na jirani, nani atahama?" Na juu ya yote aliamini kwamba mtawala huingia kwa mlango na hutoka kwa mlango, siku ile ile iliyoandikwa. Hilo kwake halikuwa la kulia wala la kushoto.

Shemeji yake, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, hakuchoka kumchokoza. "Shemeji, wewe hata nyumba ikishika moto utaomba kikao!"

"Nitaomba ndoo kwanza," alijibu. "Kikao baadaye. Wewe utaomba maandamano ya ndoo."

Binti yake, wakili, alikuwa mkali zaidi. "Baba, anayekaa katikati ya wagombanao hupata ngumi za pande zote."

"Na asipokaa mtu katikati, mwanangu, watauana."

Ndivyo walivyoishi, kwa utani. Kisha ikaja Alhamisi.

Rasimu ya taarifa ilimfikia kutoka kwa mkurugenzi saa tisa alasiri. Aya tatu za mwanzo zilikuwa salamu za kawaida. Alifika aya ya nne akiwa amesimama, akaimaliza akiwa amekaa, na hakukumbuka ni lini alikaa. Aya ilisema kwamba kiongozi wa nchi, ambaye muda wake ulikuwa unaisha baada ya miezi mitatu, ataendelea miaka miwili zaidi bila uchaguzi, kwa ajili ya utulivu.

Aliisoma mara nne. Maisha yake yote alilinda mlango huo akiwatazama wapinzani, akidhani siku mwizi akija atatoka kwao. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Waliokuwa wakiung'oa mlango walikuwa watu wa chama chake, wenye kadi kama yake.

Wizarani kulikuwa na utaratibu ulioitwa kimya. Rasimu ilitumwa kwa maofisa wanane, na asiyepeleka pingamizi la maandishi masijala hadi saa nne asubuhi ya siku iliyofuata alihesabiwa kuwa amekubali. Pingamizi la mdomo halikuhesabiwa. Utaratibu huo aliutunga yeye mwenyewe, miaka kumi na mmoja iliyopita, baada ya kuchoshwa na watu waliopinga mambo koridoni na kuyakana kikaoni. Alipongezwa sana kwa kazi ile.

Jioni, mezani, alimweleza mkewe. Mkewe aliweka kijiko chini.

"Sasa si uandike hilo pingamizi?"

"Nitazungumza na mkurugenzi kwanza. Mama, mtu mmeanza naye kazi mwaka mmoja, huwezi kumrushia karatasi kama askari wa barabarani. Unamwendea, unakaa, mnaongea. Atalirekebisha mwenyewe bila kuaibika."

"Na asipolirekebisha?"

"Ana akili yule."

"Sikukuuliza kama ana akili," alisema mkewe.

Kwa hiyo asubuhi alikwenda kwa mkurugenzi. Aliambiwa asubiri kidogo. Aliingia saa tatu na nusu. Mkurugenzi alimpokea kwa mikono miwili, akamwita Kaka, akamwagizia chai. Bwana Breki alisema yote aliyokusudia kusema, kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama alivyosema mambo miaka yote: kwamba aya ya nne inavunja katiba, kwamba chama kitakuja kulia kilio cha mbwa mdomo juu, kwamba hata wao wahafidhina hawatakuwa na cha kuhifadhi tena. Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa huzuni. Alisema, "Unayosema ni mazito, Kaka." Akamwuliza habari za mkewe. Akammiminia kikombe cha pili. Bwana Breki alitoka akiwa mwepesi, akiamini neno lake limesikika.

Sasa alisimama mbele ya kompyuta. Alirudi kwa mkurugenzi karibu akimbie, yeye ambaye watu walimtania kwamba hata lifti humngoja. Hakubisha hodi.

"Nilikuambia!" alisema. "Dakika kumi hazijapita tangu nikuambie!"

"Uliniambia," alisema mkurugenzi taratibu. "Hukuniandikia."

"Ulijua muda unakwisha. Ulinimiminia chai huku unajua."

"Kaka, ile saa iko ukutani nyuma yangu. Wewe ndiye uliyekuwa unaitazama." Mkurugenzi hakucheka, pengine angecheka ingekuwa nafuu. "Utaratibu ni wako. Mimi naufuata tu. Mabalozi wa nje wanafika saa tisa, na wewe ndiye msomaji, kama siku zote. Soma vizuri. Jumatatu barua yako inasainiwa, wewe na mama mpande ndege. Kuna ubaya gani?"

Bwana Breki alirudi nyuma hadi mlangoni. Alimjua mtu huyu kabla hawajaota mvi. Walizika wazazi wao pamoja. Alikuwa akimtazama sasa kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kitasa kimebadilishwa.

Koridoni alikutana na mkuu wa itifaki, mama mwenye sauti ya kengele ambaye wote walimwita Mama Zulia, kwa sababu hakuna zulia jekundu lililotandikwa bila yeye kulikagua. Naye alikuwa mmoja wa wale wanane.

"Mama Zulia, umeiona aya ya nne?"

"Nimeiona, sikulala vizuri." Alimtazama kwa shauku. "Enhe, wamesemaje kuhusu pingamizi lako?"

"Pingamizi gani?"

"Lako! Si umeandika?"

"Sikuandika. Na wewe je?"

Mama Zulia aliweka mkono kifuani. "Mungu wangu. Mimi nilikuwa nakutegemea wewe. Nilisema moyoni, aya kama hii Breki haivuki. Moja likiandikwa rasimu inasimama, la pili la nini? Nina watoto wanasoma, baba."

"Na wengine?"

"Tuliongea jana, sisi saba. Kila mtu alisema hivyo hivyo. Breki yupo."

Alishika ukuta. Kwa miaka kumi na mmoja alidhani ametunga utaratibu wa kuwalazimisha watu waseme. Hakuwahi kuwaza kwamba watu saba wazima, wenye shahada na mvi, wangekaa kimya wakimsubiri wa nane, na wa nane angekuwa anakunywa chai.

Hakula chakula cha mchana. Alikaa ofisini mlango ukiwa umefungwa, akijaribu kuisoma aya ya nne kwa sauti, kama alivyofanya siku zote kabla ya kusoma hadharani. Kila alipofika kwenye neno "utulivu" alirudi mwanzo. Aliwaza makasha ya sebuleni. Aliwaza mkewe, aliyewaaga wanafunzi wake huku analia na kucheka. Akisoma, ni dakika sita tu za aibu, halafu ni balozi. Asiposoma, atasoma mwingine, na aya itabaki vile vile. Hesabu ilikuwa wazi, na uwazi wake ndio uliomtisha: alijikuta anajishawishi, polepole, kwa hoja nzuri, kwa sauti ile ile ya adabu ambayo mkurugenzi aliitumia.

Hapo akachukua kalamu.

Dada wa masijala aliipokea karatasi, akaisoma, akainua macho. "Bosi, muda umepita. Kanuni yako mwenyewe inasema pingamizi likichelewa halihesabiwi."

"Lisihesabiwe. Wewe lipokee tu."

"Watalitupa."

"Haliwezi kutupwa likiwa na muhuri wa masijala. Hiyo pia niliandika mimi."

Dada alipiga muhuri, akaandika saa: nane na dakika arobaini. Kisha akatoa nakala, naye Bwana Breki akaikunja, akaitia mfukoni. Ilikuwa na mistari miwili. "Siikubali aya ya nne. Kukaa kwangu kimya hadi saa nne kulikuwa kosa langu, hakukuwa ridhaa yangu."

Saa tisa ukumbi ulijaa. Mabalozi wa kigeni walikaa safu za mbele, daftari magotini. Bwana Breki alipanda jukwaani, akasoma aya ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa sauti yake ya kila siku. Kisha akaiweka taarifa mezani.

"Waheshimiwa, iko aya ya nne," alisema. "Mimi sitaisoma. Jina langu limewekwa chini yake na naomba liondolewe. Pingamizi langu liko masijala."

Hakupaza sauti. Lakini ukumbi ulishtuka kana kwamba kioo kimevunjika. Kalamu zilisimama. Mtu mmoja nyuma alisema "Hee!" na akajiziba mdomo. Mkurugenzi aliinuka nusu, akakaa, akainuka tena, kama mtu aliyesahau miguu yake inafanya kazi gani. Bwana Breki aliteremka ngazi tatu za jukwaa akishika chuma cha pembeni.

Aya ya nne ilisomwa na mwingine, robo saa baadaye. Yeye aliambiwa aende nyumbani asubiri barua, na kila mtu alijua si barua ile ya ubalozi.

Nyumbani alimkuta mkewe mlangoni; habari ilikuwa imemtangulia. Mkewe alimtazama juu mpaka chini, kama anayetafuta jeraha. "Kaa," alisema. Alileta vikombe, akamimina chai. Kisha: "Jana ungeandika, tungepoteza hivi hivi, lakini aya isingepita."

"Najua."

"Nataka ujue kwamba na mimi najua," alisema, akamshika mkono.

Binti yao aliingia mbio, hata viatu hakuvua. "Baba! Mji mzima unakutaja! Shemeji yako anasema kesho anakuletea kadi ya chama chao cha upinzani."

"Mwambie akae nayo. Mimi sijahama. Na usinisifu, mwanangu, nilichelewa."

"Lakini ulisema mbele yao."

"Nilisema wakati kusema hakuzuii kitu tena." Alipangusa paji la uso. "Ninyi mawakili mtafungua lini kesi ya katiba kuipinga aya hii?"

"Jumatatu. Serikali itasema wataalamu wake wote wanane walikubali kwa hiari. Hilo ndilo linalotuumiza kichwa."

"Walikubali kwa kunyamaza. Nani atawaelezea majaji jinsi kimya kinavyogeuzwa kuwa ndiyo pale wizarani?"

"Hatuna mtu, Baba. Hakuna ofisa atakayethubutu. Na hata akithubutu, ni lazima aape, iwe kwa maandishi, kwa jina lake kamili. Akishaapa hana pa kurudi. Pensheni, marafiki, chama, vyote."

Mkewe alikuwa ameshafahamu. Aliinuka, akaondoa vikombe mezani, akapangusa meza kwa kiganja.

"Chukua karatasi," Bwana Breki alimwambia binti yake. "Anza na mimi ni nani, na kwamba utaratibu huo niliutunga mimi."