Kiti cha Baba Mkwe

Watu wa Ipinda wakikuambia Lusungu ni fundi, usidhani wanamsifu ili awatengenezee bodaboda zao bure. Ni fundi kweli. Alisomea ufundi magari Mbeya, darasa zima wanaume, yeye peke yake mwenye sketi, na siku ya mtihani wa vitendo alifungua injini akaifunga huku wenzake bado wanaulizana spana iko wapi. Sasa ana miaka thelathini na mitano. Gari aliloliunda kwa mikono yake mwenyewe liko uani, hatua ishirini kutoka jikoni kwake, na hajawahi kuliendesha. Kuendesha nini! Hata kukaa ndani yake hajawahi.

Mwenye gari ni baba mkwe wake, mzee Ambilikile. Jina hilo nalitaja mimi, maana si mkwe wangu. Lusungu hawezi kulitaja. Hawezi kukutana naye njiani, hawezi kumtazama usoni, hawezi kula naye. Alipokaa mzee, mkamwana hakai; alipokaa mkamwana, mzee hakai. Ndiyo heshima ya Wanyakyusa wa zamani. Siku hizi wengi wameiacha, utawaona harusini mkwe na mkamwana wanagombea paja la kuku kwenye sahani moja. Lakini nyumba ya Ambilikile si ya wengi. Mchungaji alishawahi kumwambia kwamba Mungu hakuagiza mambo hayo. Mzee, ambaye naye ni mzee wa kanisa, alimjibu kwa upole, "Mchungaji, na Mungu sina ugomvi. Hii ni adabu tu." Mchungaji akanywa chai yake akaondoka.

Gari lenyewe ungeliona ungecheka. Halikufiki kiunoni. Halina paa, halina milango, boneti ndefu, magurudumu yamechomoza nje, na viti viwili vimebanana. Wanaume wanne wenye nguvu wanalinyanyua wakaliweka pembeni. Mzee alifanya kazi Afrika Kusini miaka ishirini na sita, kwenye karakana iliyokuwa ikitengeneza vijigari hivyo vya mbio. Watu wa huko hununua vipande, wakajiundia wenyewe majumbani, wakatafuta mahali palipofungwa barabara wakakimbizana mpaka jioni. Alipostaafu, karakana ikamuaga kwa seti moja nzima ndani ya makreti. Makreti yakapita Malawi, yakavuka Kasumulu, yakafika Ipinda yamelowa mvua. Injini haikuwemo. Waliipata kwenye pikapu kuukuu ya Toyota iliyopinduka njia ya Matema.

Aliyeanza kuliunda na mzee ni mwanawe Godwin, mume wa Lusungu. Wakaunganisha fremu, wakafunga springi za mbele. Halafu Godwin akaenda huko huko Afrika Kusini kwa miezi sita. Miezi sita hiyo sasa ni mwaka wa tano, na simu zake zimekuwa kama mvua za Septemba. Wifi mmoja asiyejua kuficha alishasema huko kuna mwanamke na mtoto. Lusungu hakulia. Alikwenda uani akasimama nyuma ya ukuta wa mabati, akasikiliza mzee anavyogonga bushi ya springi kwa nyundo, anagonga vibaya, anaiharibu, na hasira zikampanda kuliko alivyomkasirikia Godwin.

Jioni mzee alipoondoka, akaingia. Akaitoa bushi, akaipaka grisi, akaibana kwa jeki mpaka ikaingia yenyewe. Kisha akachukua chaki akaandika sakafuni: *Isigongwe. Ibanwe.* Asubuhi alikuta chini yake maandishi ya mzee: *Sawa. Na ya kulia je?*

Basi, hivyo ndivyo lilivyoundwa. Mzee asubuhi, mkamwana jioni. Mzee akitaka kupita alikohoa toka mbali ili mwenzake ajifiche. Miaka minne walizungumza kwa chaki, na mambo mengine yalipitia kwa mama mkwe, Naomi, mama mpole mwenye ulimi wa wembe. Breki, nyaya, tangi, kabureta mbili pacha alizozioanisha Lusungu kwa kuzisikiliza kwa kipande cha mpira wa bomba sikioni. Na lilipowaka, majirani wakakimbilia uani wakidhani transfoma imelipuka.

Sasa nikuulize wewe: kwa nini hakuondoka? Kwao ni Njisi, si mbali. Baba amekufa, lakini kaka zake wapo na wangempokea. Rafiki yake Beatrice alikuwa akimwita Mbeya kila mwezi, gereji ina kazi, njoo. Alikuwa akimjibu, "Nakuja, namalizia kitu." Kitu chenyewe ndicho hicho. Hakutaka kulimiliki, hakutaka kulirithi. Alitaka kuliendesha mara moja tu, kwa kasi, mahali pa kuliendeshea, ajue alichokitengeneza. Halafu aende zake. Lakini kiti cha dereva ni cha mzee, na kiti cha mzee hakikaliwi. Alikuwa amejifungia mwenyewe kwenye ua ule, na lango liko wazi.

Gari halikusajiliwa, kwa hiyo hata lami ya Ipinda lilikuwa likiisikia tu. Lilikuwa na siku moja kwa mwaka. Wapenda magari wa Mbeya wana chama chao, na mwezi wa nane hukusanyika kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa na kampuni moja ya chai huko juu Rungwe. Hupanga matairi, wakapata mzunguko wenye kona, wakazunguka kwa zamu. Mwaka wa kwanza mzee alikwenda na Naomi. Akarudi akaandika: *Kona za kushoto linakata moto.*

Lusungu alibadilisha plagi. Akabadilisha waya. Akasafisha pampu. Uani gari lilinguruma vizuri, maana uani hakuna kona. Mwaka uliofuata chaki ikasema yale yale. Mtu wa kumweleza gari lilivyofanya alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa akiendesha kama amebeba trei ya mayai. Ukimuuliza lilikata kabla ya kona au katikati, anaandika: *Huko huko.* Jamani! Huko huko ni wapi? Kuna usiku Lusungu alilia kwa swali hilo.

Mwaka huu akasema, "Mama, na mimi naenda."

Walipanda Fuso. Mzee mbele na dereva, goti lake bovu amelinyoosha. Lusungu na Naomi nyuma, gari limefungwa kamba katikati yao. Kiwanjani akateremka upande wa pili wa lori, akakaa kwenye kivuli chake, akachungulia chini ya bodi. Baba mkwe alimwona miguu tu. Miaka kumi na moja ya ndoa, na miguu ndiyo alikuwa akiijua zaidi.

Zamu ikafika. Mzee akazunguka. Kona ya kulia, sawa. Kona ya kushoto, injini ikakohoa, ikafa, ikafufuka. Pole pole vile, na bado inakata! Wenye magari yao wakatazamana. Eliud, mwenyekiti wa chama, mtu mwenye tumbo na heshima zake, akasema, "Gari zuri hili. Ni kama halina mtu." Hakukusudia ubaya, lakini mzee alisikia.

Mzee akateremka kwa shida, akashika goti. Akamwambia Naomi kwa sauti ya kutosha kuvuka lori, "Mwambie halitaki. Tuliuze kwa vipande. Nimechoka kuchekwa."

Lusungu alisikia kila neno. Miaka minne! Livunjwe, liende kwa kilo, na yeye hajakaa ndani yake hata dakika moja.

"Linataka, Mama," akasema. "Ni mimi nisiyelijua. Nipe mizunguko mitatu nitakuambia lina nini."

"Mwanangu, na kiti?"

"Kiti kina nati nne."

Naomi akamfuata mumewe upesi. Mzee alikuwa ameshaanza kwenda taratibu upande wa mashamba ya chai. Akasimama. Lusungu alimwona mgongo tu, na mgongo ule haukugeuka wala haukukohoa, akauchukua kuwa ruhusa. Akachukua spana namba kumi na tatu. Nati nne, dakika tatu, kiti cha baba mkwe kikatoka, akakilaza kwenye majani kwa mikono miwili kama mtu anayelaza mgonjwa. Mahali pake akatupia gunia la pumba za mpunga walilokuja nalo la kuzuia gari lisigonge bodi. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa: kiti hajakikalia, gunia litachomwa jioni, kiti kitarudi mahali pake, adabu haijavunjika. Fundi anapokwama, anazunguka.

Akavaa kofia ngumu ya Eliud. Akakanyaga klachi.

Wee! Sijui nikuelezeje. Kwa miaka minne alikuwa amelijua kwa sikio na kwa vidole. Sasa lilimjia kwa mgongo, kwa nyonga, kwa meno. Usukani ulitaka kuguswa tu. Gia ya pili, gia ya tatu, upepo ukamkaba, machozi yakamtoka, na alikuwa akicheka kwa sauti peke yake ndani ya kofia. Kona ya kushoto ikaja, akaiingia kwa kasi ambayo mzee hakuwahi kuiota, na katikati kabisa, si kabla, si baada, injini ikakata. Akajua papo hapo. Petroli ilikuwa inakimbilia upande mmoja wa bakuli la kabureta, na boya limekaa chini mno, injini inabaki na kiu. Kitu cha kukunjwa kwa koleo! Miaka miwili ya plagi na waya, kumbe kitu cha koleo.

Akasimama, akafungua kabureta pale pale, akakunja ulimi wa boya kidogo tu kwenye zote mbili, akafunga. Mzunguko wa pili gari likapita kona ya kushoto likiimba. Wa tatu aliuendesha jinsi alivyokuwa akiuota. Watu wakaacha magari yao wakaja kusimama kando. Eliud akampigia makofi akiwa ameinua mikono juu ya kichwa, na akina mama wachuma chai kule ng'ambo wakapiga vigelegele bila kujua wanamshangilia nani.

Akarudi kando ya lori, akazima. Akaomba spana, Naomi ampe upesi arudishe kiti kabla mzee hajageuka.

Naomi hakutoa spana. Aliketi kwenye ukingo wa tairi, khanga ameibana kifuani.

"Acha, mwanangu. Kiti hakirudi."

"Kwa nini? Sikukikalia, Mama. Uliona. Nilikaa kwenye gunia."

"Ulikaa kwenye gunia," Naomi akasema. "Na gunia lilikaa wapi?"

Lusungu akatazama chini, kwenye sakafu ya bati aliyoipiga ribiti mwenyewe. Akautazama usukani. Alikuwa amefikiri kwa nati, na adabu haina nati. Mkamwana alikuwa amekaa ndani ya gari. Kwa mzee wa namna ile, ndani ya gari ni ndani ya gari.

"Mzee haingii tena humu," Naomi akasema. "Ni lako."

"Alijua?"

"Kabla hujafungua nati ya kwanza. Mimi ndiye niliyetaka kukuzuia. Akaniambia, kaa, Naomi. Mwache mtoto akimbie."

"Lakini mimi sikulitaka! Nilitaka mizunguko mitatu, Mama. Mitatu tu, halafu niende zangu."

"Najua ulikuwa unaenda. Hata yeye anajua. Basi nenda, nani amekushika?"

Hakuna aliyemshika, na hilo ndilo lililomuuma. Angemwachaje sasa mzee uani na fremu ya maisha yake yote asiyoweza kuigusa? Angelichukuaje akaenda nalo Mbeya, amwachie chaki? Kwenye ukingo wa chai mzee Ambilikile alikuwa amesimama na kiti chake mikononi, alichokuwa amerudi kukiokota wakati gari linazunguka, amekikumbatia, uso ameuelekeza mlimani. Mabega yalikuwa yakitikisika. Kama alikuwa analia au anacheka, kwa mgongo huwezi kujua.

Lusungu alitaka kushuka. Alitaka kukimbia mpaka pale, apige magoti, aseme ndaga, baba, ndaga fijo, asante sana, nisamehe, kaa, zunguka, gari ni lako. Akashika ukingo wa gari kwa mikono miwili, akajiinua nusu.

Halafu akafikiri: akimfuata, itabidi mzee akimbie. Na goti lile haliwezi kukimbia.

Akakaa tena kwenye gunia. Akabaki humo, kofia kichwani, injini imezimwa, mpaka Eliud alipokuja kuuliza kama amekwama.