Ukurasa Bila Machozi

Siku ya kwanza ya kazi, pa maternité, nyumba ya kuzalishia ya masista ku Luena, Sista Mukubwa alinipatia ndoo na sabuni, akaniambia: «Macho yako iangalie mama. Damu haitakimbia, utaipangusa kiisha.» Nilikuwa na miaka mbili ya masomo tu, lakini ile bluzi nyeupe ya kazi niliivaa kama askofu.

Nilianza na kuosha, kiisha kuchemusha makasi na kamba. Kitovu inafungwa mara mbili, njo unakata katikati. Ukikata mbele ya kufunga, mutoto anaishiwa damu mu mikono yako. Weye kijana unayefanya ile kazi leo na mashini mingi, kumbuka: mikono kwanza.

Kiisha wakanituma Kinkondja. Kule banamama walikuwa wanafika ku maji na bwato, uchungu imeshaanza. Mukubwa wa kituo, Infirmier Titulaire, alikuwa muntu wa makelele.

«Mama Mapasa! Huyu mutoto atazaliwa mu bwato ama mu kitanda?»

«Atazaliwa pale utanyamaza, Infirmier.»

Alikuwa ananiita Mama Mapasa sababu kule kule nilizaa mapasa, batoto babili pamoja, Kyungu na Kabange. Kabange alirudia mbele ya kujua kutambaa. Tunasema amerudia, hatusemi amekufa, na hakuna muntu anamulilia. Mapasa ukimulilia mumoya, mwenzake anasikia, anamufuata. Banamama wanaimba nyimbo za matusi, wanacheza, na mama yake anacheza pamoja nao. Nilicheza. Kesho yake nilirudia ku kazi.

Pa Kamina njo nilimalizia kazi, mpaka wakanipatia pansio ya uzee. Kyungu alikomaa, akaoa, akazaa Ngoie.

Huyu Ngoie, mujukulu yangu, alisoma mpaka maîtrise, digrii kubwa, ya kuandika visa. Mwaka mumoya Lubumbashi, mwaka mumoya Dar es Salaam. Niliposikia, nilicheka.

«Bantu wanasomea uongo mpaka maîtrise?»

«Nkambo, haiko uongo. Iko kazi.»

«Basi uifanye kama kazi.»

Kitabu yake ya kumaliza masomo ilikuwa juu ya maternité ya Kinkondja. Alikuwa ananisomea mu simu, minyi nasahihisha. Makasi aliandika muzuri. Bwato, muzuri. Siku moya akafika pale Kabange anarudia, akasoma: mama akaanguka chini, machozi ikamutoka kama mvua.

«Simama,» nikamwambia. «Huyu mama njo nani?»

Akaanza kusoma mustari wenye ulifuata.

«Ngoie, minyi nauliza.»

«Njo weye, Nkambo. Nilikuwa naandika bila machozi. Profesa wa huku Dar alisema musomaji hatamuamini mama asiyelia. Wiki ijayo natetea kitabu mbele ya baprofesa. Akikataa, miaka mbili yangu imepotea.»

«Baba yako iko muzima sababu sikulia. Na weye unaniliza mu kitabu? Nipatie huyo Profesa.»

Kesho yake akamuleta ku simu. Muntu wa heshima, sauti ya pole.

«Shikamoo, Bibi.»

Kwetu bibi njo muke wa muntu. Nikamujibu: «Bwana yangu alishakufa, Profesa. Tuseme jambo ya mutoto.»

Akacheka, kiisha akaniuliza: «Kama mama halii, msomaji atajuaje kwamba anaumia?»

«Ile siku nilicheza na banamama bengine, na maziwa ya Kabange ikaendelea kutoka. Kikwembe nilifunga ku kifua yote ikalowa. Hakuna mwenye aliangalia pale. Andikeni ile.»

Nikasikia anapindua makaratasi. Kiisha akasema: «Nimekuelewa, Mama. Machozi tutayatoa.»

Sista Mukubwa alinifundisha macho iangalie mama. Siku ile nilifundisha Profesa, na sioni haya kuisema.

Siku ya kutetea, mumoya wa wakubwa akauliza Ngoie: «Mbona mama huyu halii?» Mutoto akamujibu: «Kwa sababu ana mwengine wa kulinda.» Wakamupatia maîtrise na sifa.

Sasa niko na ile kitabu mu nyumba. Naisoma polepole, kidole juu ya mustari. Ile ukurasa nilifika jana. Iko kavu, na minyi niliimaliza kavu. Asubui hii Kyungu alipita kwangu, nywele nyeupe mu kichwa, akakula bukari, akaomba ingine.