Mwanafunzi wa Muhula Mmoja

Mtu akiniambia mpira wa shule ulikuwa bora kuliko mpira wa klabu, huwa namuuliza kwanza: wewe uliwahi kupigwa kiwiko cha pua na baba wa watoto watatu? Kama hujapigwa, kaa chini, agiza chai, unyamaze. Mimi nilipigwa, tena na mtu wa timu yangu mwenyewe, tena kwenye mazoezi. Pua hii imepinda upande wa kushoto mpaka leo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa fomu tatu katika shule moja ya bweni upande wa Kabuchai, kapteni wa timu, beki wa kati, na kiburi changu kilikuwa hakienei kitandani. Mpira wetu ulikuwa mtamu, sitakataa. Tulikimbia dakika tisini bila mtu kushika kiuno. Mwalimu wa michezo alituchorea pasi ubaoni kwa chaki, na sisi tukazicheza vile vile alivyochora, mashabiki wakiimba mpaka sauti zinakauka. Lakini miaka miwili mfululizo tulitolewa na shule ambazo mabeki wao walikuwa na ndevu.

Kila mtu alijua siri yenyewe. Muhula wa mpira ukifika, shule zenye uchu wa kombe zilikuwa zinakwenda kwa klabu za mjini kutafuta "wanafunzi". Mtu mzima anapewa sare, anaandikwa kwenye rejista, analala bwenini, na mashindano yakiisha anarudi kwake. Mwaka huo mwalimu wetu naye alichoka kushindwa. Lori la shule lilienda Kitale kuleta mahindi, likarudi na mahindi na mtu.

Mtu huyo alikuwa beki wa klabu moja ya Kitale, ile ambayo jezi zake zilinunuliwa na Kalasinga mwenye duka la spea. Kwake kulikuwa Endebess, na huko alikuwa ameacha mke na watoto. Alikuwa ananyoa ndevu asubuhi, na kabla ya chakula cha jioni zimerudi. Siku ya kwanza alisimama paredi na kaptura iliyombana mapaja, shule nzima ikaangua kicheko. Tukambandika jina hapo hapo: Kuka, yaani babu kwa Kibukusu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mwalimu wa michezo akaniambia akinipa jezi nambari mbili. Nambari tano yangu ilikuwa imekwenda kwa mgeni. Sasa mimi mwenyeji nilipona nini? Nilimchukia yule mtu kabla sijamsikia akisema neno.

Mazoezi ya kwanza tuliruka pamoja kwenye kona. Akili iliponirudia nilikuwa chali kwenye nyasi, mdomo umejaa damu, na yeye amesimama juu yangu.

"Pole, kijana," akasema, akinivuta mkono. "Lakini umesimama karibu na mimi sana. Klabu hatusimami hivyo."

Kisha akatufundisha jinsi wanavyosimama. Dakika kumi za kwanza, alisema, si za mpira, ni za kujulishana. Unamkanyaga mtu kidole refa akiangalia kwingine, unamwambia pole, halafu unamkanyaga tena. Goti unalipeleka pajani, kwa sababu paja halitoi damu na refa haoni kitu, na huyo mtu hatakimbia tena siku hiyo. Ndani ya soksi alikuwa anapanga vipande vya katoni. Alipozivua jioni tuliona miundi yake, imejaa makovu juu ya makovu, na hakuna aliyecheka tena.

Na mpira aliujua, jamani. Hilo ndilo liliniuma kuliko pua. Sisi tulikuwa tunakimbia kuufuata mpira, yeye alikuwa anatembea na mpira unamkuta. Alijua pasi itakwenda wapi kabla mwenye kuipiga hajajua. Sisi tukikosea tulichekwa mezani wakati wa githeri, basi. Yeye kwa klabu akikosea alikuwa anaachwa, na nyumbani kuna watu wanangoja kula. Hiyo ndiyo tofauti, na hakuna ubao wa chaki unaoweza kuifundisha.

Darasani walimkalisha kwenye dawati langu. Nilitarajia alale. Wale wa shule nyingine walikuwa wanalala, kila mtu alijua. Huyu alikuwa anaandika. Wiki ya pili akaniuliza, polepole, nisimcheke, kwa nini sehemu mbili zikijumlishwa hazijumlishwi juu kwa juu na chini kwa chini.

"Wewe ya nini hiyo?" nikamjibu. "Si utarudi Kitale?"

"Sirudi," akasema. "Mwalimu ameniahidi. Tukichukua kombe ya wilaya, nabaki hapa mpaka fomu foo, nafanya mtihani."

Yeye shule aliiacha darasa la saba, akapelekwa kuchunga ng'ombe wa shamba moja kubwa. Mguu ndio uliomtoa kwa ng'ombe, na mguu, alisema, ulikuwa unaisha. "Mpira ya klabu ikikumaliza inakutupa kama gunzi, kijana. Mimi nataka cheti. Hata niwe karani tu, niandike magunia ya wengine."

Basi nikamfundisha. Sikumpenda bado, lakini nilimfundisha, kwa sababu mtu mzima akikuuliza swali vile, kumnyima ni dhambi. Mwezi mmoja ukapita, akawa anafanya hesabu za mlinganyo mwenyewe, ulimi nje kidogo. Na uwanjani akabadilika. Viwiko vikaisha. Nilipomuuliza akacheka: "Mimi sasa ni mwanafunzi. Mwanafunzi akivunja mtu anafukuzwa." Nusu fainali aliicheza safi kabisa, hakumgusa mtu, tukashinda. Haki ya Mungu, sijawahi kuona beki akicheza vile, si shule, si klabu.

Fainali ilikuwa Bungoma mjini. Uwanja ulikuwa umezungukwa na watu waliokuwa wakitafuna miwa na kutupa makapi ndani. Wenzetu walikuwa na kijana mmoja mshambuliaji, mwembamba, miguu kama ya korongo, mwanafunzi wa kweli wa fomu mbili. Alinipita mara mbili dakika za mwanzo. Mara ya tatu akanipita tena na kufunga. Mashabiki wao wakaanza kunizomea mimi peke yangu, wakiniita mlango, mlango, pita! Nilikuwa na hasira.

Wakati wa mapumziko mwalimu wa michezo hakuniangalia mimi. Alimshika Kuka kola ya jezi.

"Tulikuleta hapa kusoma? Eh? Unacheza kama bibi harusi! Hiyo mtoto ikimaliza mechi, wewe Jumatatu usionekane kwa darasa."

Kuka akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa kapteni, au kwa sababu ya lile dawati. Ningeweza kusema tucheze tu. Ningeweza kunyamaza pia.

"Mvunje, bana," nikasema. "Unaogopa nini?"

"Na wewe, kapteni, unasema hivyo?"

"Nasema hivyo."

Akainama, akafunga kamba za njumu zake upya.

Kipindi cha pili hakikuwa na dakika tano. Kijana alipokea mpira, akanipita mimi kama kawaida, akaingia ndani. Kuka alikuja kutoka katikati, miguu yote miwili juu. Nilikuwa karibu, nikasikia. Ni sauti ya muwa unapovunjwa kwenye goti. Kijana hakupiga kelele mwanzo. Aliuangalia mguu wake ulivyogeuka, akauangalia vizuri, kisha ndipo akaanza kumwita mama yake. Sikumwona tena baada ya siku ile, lakini niliambiwa hakucheza tena, na kwamba alipona kwa kuchechemea. Mguu ule niliuvunja mimi kwa mdomo wangu. Nimesema.

Watu waliingia uwanjani kabla refa hajapata kadi yake mfukoni. "Huyo si mwanafunzi! Huyo ni mzee!" Walimpiga kwa miwa, kwa mawe, kwa viatu. Mama mmoja alikuwa anampiga kwa ufagio wake wa kufagilia soko, analia huku anapiga. Mimi niligongwa taya, jino likatoka, nikalimeza nadhani, kwa maana sikuliona. Kuka hakurudisha hata ngumi moja. Yule mtu aliyejua kila mahali pa kumuumiza binadamu alijikunja chini, amefunika kichwa, akawaacha wafanye. Polisi walipowatawanya, mkono wake mmoja ulikuwa unaning'inia.

Walitupeleka kwenye chumba cha ofisi karibu na uwanja. Wasimamizi wa mashindano walikuwa watatu, walimu wa shule nyingine, na afande mmoja mlangoni. Nje kelele zilikuwa bado. Msimamizi mkubwa akasema ikithibitika shule imeleta mchezaji wa klabu, inafungiwa, na kapteni aliyetia sahihi orodha ya wachezaji naye atajibu.

Mwalimu wetu wa michezo alisimama, akajipangusa jasho.

"Huyu mtu ametudanganya," akasema. "Si mwanafunzi wetu. Alichukua jezi yetu kwa fujo akaingia."

Uongo wa mchana kweupe! Mtu amecheza mechi sita. Lakini wale wasimamizi waliangaliana, na nikaona wanataka kuamini, maana shule zao pia zilikuwa na akina Kuka wao. Mkubwa akanielekezea kalamu.

"Wewe kapteni. Sema ukweli. Huyu ni mwanafunzi mwenzako?"

Kuka alikuwa amekaa sakafuni, jicho moja limeziba. Jicho lililobaki lilikuwa kwangu. Nilijua ninachoulizwa. Nikisema ndiyo, amesoma, anaandika, ana daftari lenye jina lake, labda wangemhesabu mwanafunzi, labda angepata pa kusimama. Lakini wangechimba wakajua ni wa klabu, nami ningefukuzwa, na shule ingefungiwa. Nilifikiria fomu foo yangu, nikamfikiria baba yangu na fimbo yake. Niliogopa. Sina neno lingine zuri kuliko hilo.

"Simjui," nikasema.

Afande akamgusa Kuka kwa kiatu. "Na wewe? Unamjua huyu kijana?"

Kwa neno moja angenimaliza.

"Hapana, afande. Huyu hatujawahi kuonana."

Wakamtoa. Gari la polisi, Landrova, lilikuwa limeegeshwa nyuma, na kwa ule mkono mmoja hakuweza kupanda. Alijaribu, akateleza, akajaribu tena. Afande akaniita nimsaidie. Nikamshika kiunoni, nikamsukuma juu, na alikuwa mzito ajabu. Alipokaa, akaniangalia na lile jicho moja, akaniambia asante, kama vile mtu anavyomshukuru mpita njia.