Mshika Koti

Mume wangu ni mtunza vifaa wa klabu. Jezi, bukta, soksi, mipira, chupa za maji, vyote viko chini yake, na mimi ndiye ninayezishona zile namba mgongoni kwa cherehani yangu ya miguu iliyo dirishani sebuleni. Kwa hiyo sote wawili ni wanachama, tena wenye kadi. Lakini mtaani hakuna anayemwita mtunza vifaa. Wanamwita Mshika Koti, na jina hilo limetokana na mwanaume mwingine.

Mwanaume huyo ni kocha wetu wa zamani. Alikuwa na hasira za karibu. Timu ikibanwa, alivua koti akalirusha nyuma bila kugeuka, huku anaendelea kufoka na kidole kiko uwanjani. Koti hilo halikuwahi kugusa chini. Mume wangu alikuwa nyuma yake kila mara, analidaka, analikung'uta, analikunjia mkononi, anasubiri hasira zipoe amvishe. Kuna watu walikuja uwanjani kutazama koti zaidi ya mpira.

Mimi nilikuwa naumia. Si kwa sababu ya koti, bali kule kutogeuka. Mtu anarusha kitu chake nyuma, ana hakika kabisa kuna mikono inasubiri! Mimi nikimwita mume wangu huyohuyo anishikie kitambaa nikate, naita mpaka koo linakauka, na akija, akili yote ameiacha mazoezini. Siku niliyojifungua kitinda mimba wetu alikuwa ugenini na timu. Alipofika wodini, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Kocha anakusalimia."

Nilimweleza wifi yangu, dada yake mume wangu, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wifi, yaani wanawake wote wameisha mjini, unamwonea wivu mwanaume?"

"Heri angekuwa mwanamke," nikamwambia. "Mwanamke ningemfuata mlangoni kwake nikampa vidonge vyake. Huyu nikamwambie nini? Niachie mume wangu, shika koti lako mwenyewe?"

Kisha kocha akaharibu mwenyewe. Kwenye fainali alimweka nahodha benchi kwa sababu walikwaruzana mazoezini. Tukafungwa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo akamkaba nahodha shati mbele ya wenzake, na kesho yake akawatukana viongozi redioni. Wakamtimua. Mtaa mzima ulinuna siku hiyo, ila mimi nilipika huku naimba.

Maana nilirudishiwa mume. Kocha mpya ni mpole, anavaa fulana, hana cha kurusha. Mume wangu akaanza kurudi nyumbani jua bado lipo. Alitengeneza mlango wa kabati uliokuwa umening'inia tangu watoto wakiwa wadogo. Jioni alikaa upande wa pili wa cherehani, ananivutia kitambaa kisijikunje, tunapiga soga. Nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho nikijiambia, kumbe huyu mtu anachekesha hivi.

Msimu huu timu imekaa vibaya, na kila kona ikawa ni wimbo mmoja: mrudisheni. Wengine wakasema mtu aliyemkaba mchezaji hafai hata kukata tiketi getini. Viongozi wakaona bora yaishe, wanachama wote waamue mkutanoni kwa kunyoosha mikono. Asubuhi ya mkutano nikamkuta mume wangu anapiga pasi shati lake. Mtu ambaye hata shati lake la harusi nililinyoosha mimi!

"Unajipamba kwa ajili ya nani?"

"Mkutano huo, mama watoto. Niende nimekunjamana?"

"Tukifika unakaa na mimi."

"Nikae na nani mwingine?"

"Unamjua."

Akageuza kola ya shati, akaendelea kupiga pasi.

Tulikaa safu ya mbele kabisa. Kocha aliitwa ajitetee, akasimama kati ya meza ya viongozi na sisi. Kichwa kimejaa mvi, koti ni lilelile. Alianza vizuri, akaomba msamaha kwa yale aliyomfanyia nahodha. Lakini mwenyekiti alipomuuliza kama ameacha hasira zake, akatugeuzia mgongo kumkabili, sauti ikapanda. Nikamwona mume wangu ameweka mguu mmoja mbele. Nikamshika kiganja cha mkono wa kulia, nikakibana kwa nguvu zangu zote.

Koti likatoka mabegani. Likaruka nyuma kama siku zote, na mume wangu akainuka nusu. Nikamvuta, akakaa. Koti likaanguka sakafuni mbele ya viatu vyetu, ukumbi mzima ukaguna. Kocha akakatiza maneno. Akageuka. Akalitazama koti, akamtazama mume wangu, kisha akautazama mkono wangu. Nakiri nilifurahi, tena nilimkazia macho.

Mwenyekiti akasema wanaotaka arudi wanyooshe mkono wa kulia.

"Niachie," mume wangu akaninong'oneza.

Nikamwachia. Lakini mkono wake haukwenda popote. Ulibaki juu ya goti, vidole vimefunguka. Ilipofika zamu ya wanaokataa, nilinyoosha wangu mpaka bega likauma, na nyuma yetu ikanyooka mikono mingi kuliko ile ya kwanza. Mwenyekiti akatangaza kwamba kocha harudi.

Watu walipoanza kutoka, mume wangu aliinama akaliokota koti. Akalikung'uta vumbi, akamwendea, akamvisha mkono mmoja, kisha mwingine, akamnyoosha kola. Nilikuwa nyuma yao, nasikia kila kitu.

"Ulikuwa wapi?" kocha akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa na mke wangu."

Maneno hayo nimeyatamani tangu niolewe. Nilitaka wayasikie timu, majirani, na wifi yangu na kicheko chake. Siku alipoyasema alimwambia kocha, tena kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.